Mafuta kwenye breki

Jumanne jioni, 2004

Nani hutia mafuta kwenye breki? Mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili.

Baiskeli niliyoachiwa na bosi wangu wa Kinindo ina breki za diski, na tangu juma lililopita zilikuwa zikipiga kelele. Nikaidondoshea diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu, mafuta ya cherehani. Kelele zikaisha. Nikajisifu.

Leo asubuhi, nikiteremka kutoka mtaa wa Kigobe, nikaona kizuizi cha askari mbele. Nikabana breki, baiskeli ikazidi kwenda. Siku hizi za vita, asiyesimama pale hapigiwi mluzi, anapigwa risasi. Nikainua mikono yote miwili kuonyesha kwamba sina ubaya, yaani nikaachia usukani, na nikaishia mtaroni.

"We muzee, unakimbia wapi?"

"Apana kukimbia, mwanangu! Breki imekataa!"

Wakacheka. Mungu awabariki kwa kicheko kile.

Fundi wa baiskeli wa mtaa wa Asiatique aliisafisha diski kwa spiriti, kisha akasugua kwa msasa vile vipande vinavyoibana, vilivyokuwa vimekunywa mafuta. "Muzee, mafuta ni ya munyororo. Nani alikufundisha hivi?"

Nikamsingizia marehemu mke wangu, Halima, ambaye hakuwahi hata kupanda baiskeli. Aliogopa itamrarulia kitenge.

Fundi akainamisha kichwa. "Mungu amurehemu," akasema, na hakuniuliza tena.

Sasa baiskeli inasimama vizuri. Mimi nimekaa hapa na aibu yangu. Halima angekuwepo pale, asingeninyamazia.