TV Aliyoichagua Mzee

Doha,
Ijumaa, siku yetu ya kupumzika

Kwa ndugu yangu mkubwa Wafula,

Niaje fundi? Natumai bado unavuta moshi wa kuchomelea waya na kuwaambia wateja "njoo kesho" wakati redio yao hata hujaifungua. Shemeji hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Na mgongo wako je, ama bado unakalia kile kibao cha duka kama kuku anayeatamia?

Mimi niko mzima. Hapa kwa bohari wananiita bosi wa foklifti, hii gari ya kuinua mizigo, na si kujigamba, ni ukweli: hakuna Mnepali wala Mganda anayeweza kuingiza mzigo mahali nimeingiza mimi. Joto tu ndilo linatuonea. Mwezi jana mwenzetu mmoja alianguka akiwa amebeba sanduku, tukammwagia maji hadi akazinduka. Kitu cha kwanza aliuliza ni kama sanduku limevunjika. Hakuna aliyecheka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako iko kwa spika saa zote hapo dukani Nakuru, na hili si la wateja. Kiprono, tunayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo. Atakupatia mkononi.

Unajua vile niliwaahidi watu. Kabla nipande ndege nilisimama kanisani Subukia nikasema nitamletea Mzee hom thieta, TV ya ukutani na spika tano, hadi majirani wajue mechi imeanza bila kuuliza. Watu wakapiga makofi. Basi wiki mbili zilizopita nikaenda duka la vitu vya stima huku, duka kubwa kama uwanja, nikampigia Mama simu ya video nikamwambia ampe Mzee. Nilitaka achague mwenyewe.

"Mzee, uko tayari? Usizimie, hizi si kama ile yetu ya zamani yenye kichogo nyuma."

"Wewe onyesha, wacha mdomo," akasema.

Nikaelekeza simu kwa TV mbili zilizotundikwa pamoja. "Ya kushoto ama ya kulia?"

"Ya kushoto. Rangi yake imetulia. Hiyo ya kulia inaumiza macho."

Wafula, hapo ndipo niliangalia simu yangu vizuri. Nilikuwa nimegusa pale pa kuzima kamera bila kujua. Upande wake hakukuwa na picha yoyote, kioo cheusi tu na jina langu.

Na mimi, vile unanijua, mdomo ukatangulia akili. Nikacheka. "Mzee, hata kamera sijawasha! Umeona rangi gani kwa giza? Ama umezeeka hadi unaota mchana?"

Nilisikia kuku wa Mama nyuma yake. Nilimsikia akipumua. Kisha Mama akachukua simu akasema, "Netiwaki imepotea," akakata. Netiwaki haikuwa imepotea.

Baadaye Mama alinipigia akiwa zizini. Akaniambia Mzee haoni. Jicho la kulia lilienda kwanza, na sasa hata kwa la kushoto anajua tu kama dirisha limefunguliwa. Ni presha ya macho. Daktari wa Nakuru alimwambia iliyopotea haitarudi, na dawa ya matone ni ya kulinda hiyo kidogo imebaki.

"Anajua ukuta wa nyumba yake," Mama akasema. "Amehesabu hatua za kwenda chooni. Watu hawajamgundua. Aliniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi urudi."

Nikamuuliza, "Wafula je?"

"Wafula ndiye alimpeleka hospitali."

Hapo sina la kukutania, bro. Ulinificha. Nilikasirika siku tatu, hata chakula sikutaka. Halafu nikakumbuka huu mdomo wangu, nikaona pengine hata mimi singejiambia. Huyu ni mtu aliyeendesha treni, aliyetambua taa ya reli kabla msaidizi wake hajaiona. Na mimi nikamcheka. Tangu siku hiyo nikipiga simu, Mama anasema amelala, ama ameenda kwa jirani. Jirani gani, saa nne asubuhi, kila siku?

Sasa nakuuliza, kwa sababu wewe unajua hivi vyombo na unamjua Mzee. Ninunue nini? Muuzaji wa huku nilipomweleza alisema niache skrini, nichukue spika nzuri yenye redio. Nami nimewaza: watangazaji wa mpira wa TV hawasemi mpira uko wapi, wanajua unauona. Wa redio ndio wanaeleza kila pasi. Tena nataka yenye vitufe vya kuinuka, avipapase mwenyewe, si hizi za kugusa kioo. Stima ya Subukia ikipotea, kuna ya betri? Na wufa, ile spika ya besi, ikiwa kubwa, haitafunika maneno?

Lakini nikileta spika bila skrini, kanisa zima litauliza TV iko wapi, na Mzee ndiye atakayejibu. Nikileta skrini, atakaa mbele yake kila jioni akigeuzia uso picha asiyoiona, kwa ajili yangu. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimefikia hapa, na ukiona nimekosea niambie. Sitanunua huku. Nitakutumia pesa umpeleke madukani Nakuru, nyinyi wawili tu, asubuhi kabla watu hawajajaa. Mwashie kila kitu. Asikilize, apapase, asiharakishwe. Akitaka spika, nunua spika. Akitaka TV kwa sababu rangi yake imetulia, nunua hiyo TV, uifunge ukutani vizuri, umuulize kama imekaa sawa. Akisema iko sawa, iko sawa.

Na kabla hamjatoka nyumbani, mwambie naomba msamaha. Mwambie pia kazi siachi.

Nisalimie Mama, mwambie hakukosea kunieleza. Nisalimie Kukhu, yule nyanya yetu anayedhani Doha ni karibu na Eldoret, na senge yetu wa Keringet, dada ya Mzee, mwambie viazi vyake ninaviota. Shemeji na mtoto pia.

Mzee akishachagua, tafadhali usiniambie amechagua nini. Mwache aniambie mwenyewe. Nitangoja.

Ni mimi mdogo wako,
Simiyu