Bia ya Mabaki

Jumamosi, 3 Mei

Mume wangu kasema asubuhi, hata viatu hajavaa: mdogo wake anatoka kituo cha kuachishwa pombe, anakuja kukaa kwetu. Mwisho wa mwezi. Kwa hiyo "vitu vyako vya bia" vitoke. Vyote. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Sikubisha. Ningebishaje? Shemeji alilazwa akitapika damu. Daktari aliwaambia ndugu wazi: akirudia, ini halitamvumilia tena.

Nikaenda stoo, chini ya ngazi, kufungasha. Sufuria kubwa na mipira atachukua jirani fundi bomba. Lakini mabaki! Kimea cha shayiri, nusu mfuko. Konzi mbili tatu za kile cheusi kilichokaangwa. Pakiti za maua ya hopsi, yale ya kuipa bia uchungu, zote zimeshafunguliwa, zote zimeanza kunuka kama jibini. Asali iliyoganda chini ya chupa. Na hamira ya mara ya mwisho, iko kwenye friji ndani ya kopo la jemu, imetulia kana kwamba inanisubiri.

Mimi ni mwoka mikate. Kumwaga unga kunaniuma. Kutupa hivi – hapana.

Bia ya mwisho. Moja tu. Itakuwa imeiva na kutoka kabla hajafika.

Jumapili, 4 Mei

Mume kaenda kwa mama yake. Nimepika.

Kimea hakikutosha, nilijua. Nikajazia maganda ya mkate wa bekari uliokosa wanunuzi, nikayarudisha kwenye oveni mpaka yakawa rangi ya kahawa. Maji ya moto, ila yasichemke – yakichemka unakaribisha ukakasi wa kukunja ulimi. Nikachuja kwa kitambaa. Nikaonja. Utamu wa shayiri, halafu nyuma yake, taratibu, ukoko wa mkate. Mungu wangu! Hopsi kuukuu hazina uchungu wa maana, nikatia zote kwenye maji niliyochuja, sasa yachemke, nami nikachemka nayo, maana jiko lilikuwa tanuri. Asali nimeitia moto ukiwa umezimwa, harufu isikimbie. Ikapoa, nikaihamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikamimina hamira, nikaificha stoo.

Hii haijaandikwa popote. Nimeitunga mimi, kwa vilivyobaki.

Mume karudi na mafua, pua imeziba kabisa. Nimeshukuru kwa ugonjwa wa mtu. Aibu yangu.

Jumanne, 6 Mei

Amefika! Leo! Eti kituoni walikihitaji kitanda chake. Natoka kazini, nakuta begi mlangoni na shemeji kwenye kochi, mikono katikati ya magoti. Amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine.

"Shemeji, samahani, nimewavamia."

"Hapa kwako," nikasema.

Mume kampa chumba kidogo. Ukuta wake mmoja ni wa stoo. Ukuta wa mbao!

Tumekula. Kule stoo kamrija ka kutolea hewa juu ya ndoo kanalia: blup. Kananyamaza. Blup. Mume anapenga kamasi, hana habari. Shemeji kaacha kutafuna. Kaniangalia. Kaendelea kutafuna.

Nimeitia stoo kufuli. Ufunguo uko ndani ya sidiria.

Jumatano, 7 Mei

Nimeivisha ndoo koti la zamani. Bado inasikika. Blup.

Alhamisi, 8 Mei

Mume katoka kwenda kazini. Naosha vikombe. Shemeji kasimama mlangoni mwa jikoni.

"Shemeji, kuna kitu kinachacha humu ndani."

"Unga," nikasema. "Wa mkate."

"Unga haulii ukutani."

Sikugeuka. Akasema yeye kadanganya watu miaka na miaka, kwa hiyo uongo anaujua hata ukija na aproni. "Usiniambie unga. Niambie kiko wapi, nijue pa kutopita."

Nikamwambia. Nilijiandaa kwa hasira. Badala yake kauliza kuna nini ndani. Nikataja: shayiri, asali, mkate. Nikaona koo lake linapanda, linashuka. Nikatamani nijikate ulimi.

"Mkate," akasema, nusu anacheka. "Wewe umeweka mkate."

Akatoka nje. Akawa anauzunguka uwanja, anauzunguka, mpaka shati likamshika mgongoni. Aliporudi kauliza kama kaka yake anajua. Hapana, nikasema.

"Basi tuna siri, mimi na wewe. Kule walituambia siri ndiyo inayomrudisha mtu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniingia.

Ijumaa, 9 Mei

Kazini nimeunguza trei nzima ya skonzi. Msimamizi kauliza nina homa? Nikasema ndiyo.

Nimemwambia mume wangu, sebuleni, yeye na gazeti. Kalikunja. Kalikunja tena. Kisha: nilikuwa nasubiri mdogo wake afe ndiyo nimwage? Kanyoosha mkono nimpe ufunguo.

"Usiguse, kaka." Shemeji, mlangoni mwa chumba chake. "Nitaimwaga mimi."

"Wewe? Una wazimu?"

"Mama alinimwagia chupa zangu. Mke wangu alinimwagia mpaka akachoka akaondoka. Wewe umenimwagia. Mimi mwenyewe sijawahi kumwaga hata chupa moja."

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Mume akasema kesho, akiwepo yeye, mlango ukiwa wazi. Shemeji akaitikia kwa kichwa tu.

Ufunguo umelala na mume wangu. Mimi nimelala nimeupa mgongo wake mgongo wangu. Au yeye ndiye aliyeanza.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimekaa sakafuni, nje ya bafu. Naandika ili mikono isigonge mlango.

Tulifungua stoo mchana huu, wote watatu. Nikainua mfuniko. Imeiva! Imetulia, rangi ya shaba, na ile harufu – ukoko, asali. Nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na sikuthubutu kuonja mbele yake. Shemeji kaibeba ndoo mwenyewe. Mdomo wa ndoo chini ya pua yake. Mume nyuma yake hatua kwa hatua kama anafuata mtoto anayejifunza kutembea.

Kaingia bafuni. Halafu komeo. Kafunga kwa ndani!

"Tulisema wazi!" mume kapiga kelele.

Tukasikia inamwagika. Inamwagika, bomba linagugumia, harufu ikatoka chini ya mlango mpaka nikaona machozi. Kisha imeacha, ndoo ikagonga sakafu. Najua mlio wa ndoo tupu. Huu haukuwa huo; bado imebaki bia.

Nimebandika sikio mlangoni.

Mume kasogea, anasema anavunja. Nimemshika suruali. "Mwite kwanza."

"Mdogo wangu?"

Kimya kirefu. Kisha:

"Nipo."

Basi. Sauti ya kawaida – au naitaka iwe ya kawaida. Hakusema amemaliza. Bomba halijalia tena.

Mume kakiweka kiganja chake juu ya mlango, hakusukuma. Kisha kashuka taratibu, kakaa sakafuni pembeni yangu. Bega lake limegusa langu, mara ya kwanza tangu jana. Anapumua kwa mdomo. Tunasikiliza.