Mwanafunzi Anayepewa Kiti

Mbalizi, Jumanne usiku

Hata leo sijagusa ng'ombe. Wanafunzi wenzangu niliokuja nao fildi kujifunza kutibu mifugo wanachanja, mimi nimeketishwa kivulini na chai. Msimamizi wetu, Neema, ni wa umri wa binti yangu; akishaniamkia shikamoo, hawezi tena kunituma.

"Nipe na mimi sindano," nilimwambia.

"Baba, pumzika tu. Vijana wapo."

"Na mimi ni mwanafunzi, Neema."

Akacheka, akaniongezea chapati. Nikaila, sikatai.

Sasa sijui nishike lipi. Nikiikataa heshima, nitaonekana sina adabu. Nikiipokea, nitarudi kwetu Mlandege nikiwa mtaalamu wa kukaa, na mifugo ya watu itanifia mikononi.

Kesho nitamtangulia, nimkamate ndama mwenyewe. Shikamoo yake nitaiitikia nikiwa nimepiga magoti kwenye samadi, tuone kiti atakiweka wapi.