Mchezo wa Njia Moja

Soweto, Mbeya
9 Juni 2024

Kaka yangu Idrisa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai baridi ya Mafinga haijakukaba kifua, wifi na watoto hawajambo, na oda za vitanda zinaingia. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na analalamika kwamba hupigi simu. Mimi nikipiga unakata nikimtaja tu mzee wetu, ndiyo maana nimeandika.

Hiyo flashi niliyoifunga pamoja na barua ina ule mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza mimi na Sayi, yule Msukuma wa Igawa niliyesoma naye chuo. Uweke kwenye kompyuta mnayochorea makabati. Ni mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Haya basi, nasema hivyo kwa kuwa ni wangu. Mchezaji anakuwa binti wa Mbeya, analetewa habari kwamba baba yake anaumwa machimboni Chunya, naye inabidi amfikie.

Tuligombana miezi minne. Sayi alitaka mchezo uwe wazi kama mbuga za Usangu: mtu akipenda alime mpunga, afuge, afungue duka, na Chunya aende siku akijisikia. Nikamwambia hadithi isiyo na njia ni gulio, kila mtu anarudi na nyanya zake. Nilitaka njia moja, na mchezaji afike Chunya atake asitake. Akasema ng'ombe ukimburuta kwa kamba atafika, lakini njiani hatakula majani. Unanijua, nikishika jambo siachii. Nilishinda mimi, na kila njia ya pembeni nikaiwekea ukuta.

Mwezi uliopita tuliupeleka Igawa ujaribiwe. Vijana walicheza wakausifu, nami kichwa kikavimba. Kisha shangazi yake Sayi, mama Regina, anayeuza mchele kando ya barabara kuu, akaomba naye ajaribu. Habari ya ugonjwa ilipofika, mama yule hakushika njia ya Chunya. Alimrudisha binti nyuma, kwenye karakana ya kaka wa huyo binti, akagonga ukuta. Akajaribu tena, akagonga. Akaniuliza mimi ni mtoto wa watu gani, maana popote alipokaa yeye, mtu akisikia mzazi anaumwa haanzi safari kabla hajamwambia kaka yake. Akataka kujua nani amepaziba pale, na kwa nini. Sayi akanitazama, akingoja nijitetee kama kawaida yangu. Nikafunga kompyuta, kaka. Mimi huyu.

Nilipaziba mimi. Mwaka ule, wiki mbili kabla mzee hajafariki, dereva wa lori la tumbaku kutoka Chunya alipita dukani kwetu akaniachia maneno ya mzee. Mzee alisema nikwambie uende ukamchukue, kifua kimemzidi. Alikutaja wewe kwa jina. Nami niliyameza maneno hayo. Niliogopa ukifika Chunya dhahabu itakushika kama ilivyomshika yeye, tuwakose wote wawili. Nikajiambia kifua ni kifua tu, kitapoa. Miaka saba sasa unasema mzee alitusahau, kaburi lake hujalizuru hata mara moja, na mimi nimekaa nakusikiliza. Hakukusahau, Idrisa. Alikuwa anakungoja. Kosa ni langu, na uchungu wake nimeubeba kila siku huku nikijifanya mjuaji wa kila kitu.

Ule ukuta nimeubomoa. Njia zote ziko wazi sasa, na Sayi anatamba mji mzima kwamba ameshinda. Binti anaweza kuingia karakana, akasimama kwenye vumbi la mbao na kumwambia kaka yake habari aliyoletewa. Anachojibu kaka sijakiandika. Nimejaribu mara nyingi, na kila nilichoweka kilikuwa maneno yangu mimi, nikafuta. Ukifika hapo utakuta patupu.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Mama hajui haya bado. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa baada ya swala. Ujibu au usijibu, mimi ni

mdogo wako,
Yasmini