Upepo Uliokimbilia Kioo

Jaduong', mzee wangu na mwalimu wangu,

Leo ni Ijumaa na mvua imenipa nafasi ya kukaa. Ya leo nimeshayaandika katika daftari langu, lakini haya hayakuenea mle, ndiyo maana nakuandikia wewe. Kuna jambo nililokosea na jambo nililoliona, na yote mawili nataka uyasikie kutoka kwangu.

Gereji bado iko palepale, kando ya barabara hapa Ndhiwa. Mkeo ni mzima. Amepanda sukuma wiki pale ulipokuwa ukilaza injini zilizokufa, na imeota vizuri kuliko ya majirani, pamoja na oili yote iliyomwagika pale. Wateja ndio waliopungua. Wanapunguza mwendo, wanachungulia, wakiniona niko peke yangu wanaongeza mwendo. Mmoja alisimama akaniambia, bila ubaya, "Awino, sisi tulidhani fundi alienda na mikono yake." Hata mimi nilidhani hivyo.

Mzee Okelo wa Sori hakuacha kuja. Ni yule muuza nyavu mwenye pikapu kubwa ya zamani, ile isiyofungua vifuniko vinavyoelekeza upepo wa AC kwa waya kama nyingine, bali kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vipira vyembamba. Mkewe, Mama Truphena, ana ugonjwa wa kifua. Kila Alhamisi Mzee anampeleka kliniki Homa Bay. Wakifungua dirisha, vumbi linamkaba Mama. Wakilifunga bila AC, joto linamkaba. Kwa hiyo upepo wa gari lile si starehe.

"Fundi, hii hewa inanichezea," Mzee aliniambia. "Hapa inapuliza sawasawa. Tukifika mteremko wa Homa Bay inanihama usoni, inakimbilia kioo. Mama anaanza kutafuta pumzi."

Nilifuata hatua ulizonifundisha. Feni, sawa. Gesi, sawa. Kisha nikafungua pale chini ya kioo cha mbele hewa inapoingilia, nikakuta wadudu wa ziwani wamejaa, wakavu, mkebe mzima. Unajua magari ya Sori, yanavyolala ufukweni. Nilifurahi, Jaduong'. Nilimwonyesha Mzee ule mkebe kama mtu aliyeshika mwizi. Nikawasha, matundu yote yakapuliza kwa nguvu, na katika daftari nikaandika: "Sababu ni wadudu. Imekwisha." Nikampa ufunguo.

Baada ya wiki mbili akarudi na tatizo lilelile. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Awino, kwani hao wadudu ulinitolea ama ulinihesabia?"

Ungeniona usiku ule nikiwaza wale wadudu, ungenicheka. Jumatano asubuhi nikafanya kitu ambacho nilikuwa nakionea haya hata ulipokuwa hai. Nilichambua uzi wa gunia, nikafunga kipande kwenye kila tundu la hewa, na kimoja nikakibandika pale dashibodi inapokutana na kioo. "Hewa haionekani," ulikuwa ukisema, "kwa hiyo ivalishe nguo." Mzee Okelo alitazama zile nyuzi, akanitazama mimi. "Sasa umenifungia hirizi? Mimi ni mzee wa kanisa." Nikamwomba aendeshe tu, twende mpaka mteremkoni, mimi nitakaa kando yake nikitazama.

Tulipita soko la Rodi nyuzi zikiwa zimesimama mbele yetu, zote zikitetemeka. Mteremko ulipoanza Mzee akakanyaga breki. Nyuzi za katikati zikalegea kidogo, kisha zikasimama tena. Akakanyaga tena. Zikalegea zaidi. Mara ya nne au ya tano zikalala kabisa, moja baada ya nyingine, na ule uzi wa kwenye kioo, uliokuwa umelala njia nzima, ukainuka.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa natazama upepo ukihama kwa macho yangu, na kilichouhamisha kilikuwa mguu wa Mzee. Kisha nikaelewa.

"Mzee, shuka kwa gia ndogo," nikamwambia. "Breki iguse kidogo tu, na tukipata tambarare simama."

Aliposimama nilimuuliza kama pedali ya breki imekuwa ngumu. "Imekuwa ngumu siku nyingi," alisema. "Nilidhani ni mguu wangu umezeeka."

Nilifungua boneti injini ikiwa bado inawaka. Pampu inayovuta hewa ni moja, na mpira mkubwa unaotoka kwake ni mmoja. Unapeleka mvuto kwenye busta, ile sahani inayosaidia mguu wa dereva kwenye breki, na njiani unagawa kidogo kwa vifuniko vya AC. Niliupapasa kwa kidole, upande wa chini ambako jicho halifiki. Karibu na klipu, ngozi ya kidole changu ikavutwa. Kwa upole, kama mtoto anavyonyonya. Mpira ulikuwa umepasuka pale. Ukiwa baridi unafumba, ndiyo maana gereji hakukuwa na tatizo. Ukipata joto la safari unafumbuka, na kila Mzee akikanyaga breki, mvuto unaobaki unapungua. AC ilikuwa inatuambia habari za breki wakati wote huo, nami nikajibu kwa mkebe wa wadudu.

Wiki mbili, Jaduong'. Alhamisi mbili alimteremsha mkewe mlima ule kwa mpira ule, kwa sababu mimi nilisema imekwisha.

Nilimwambia Mzee hayo yote palepale, kando ya barabara. Sikutaka ayajue baadaye kwa mtu mwingine. Aliutazama mpira ule, akafunga boneti mwenyewe. Kisha akasema, "Basi turudi polepole ukafunge mpira mpya." Na hakuita fundi mwingine.

Jioni nilifungua daftari zangu za zamani, nikakuta maneno yako. Niliyaandika mwaka wangu wa kwanza hapa, bila kuyaelewa. Nilikuuliza kwa nini mvuto ukikosekana hewa yote inaenda kwenye kioo, isiende miguuni au isizimike tu. Ukasema kuna springi ndani inayorudisha kifuniko upande ule. "Aliyeiunda alijua siku moja itaharibika. Akaamua ikiharibika, dereva aendelee kuona njia."

Nimeyasoma mara nyingi tangu Jumatano. Kuna mtu mbali huko, simjui jina wala lugha, aliketi akafikiria siku mbaya ya mtu ambaye hatakutana naye kamwe. Akamwachia kioo kisicho na ukungu. Halafu wewe, uliyeishia darasa la saba, ukalisoma wazo la mtu yule ndani ya springi ndogo kuliko kidole, ukanipa mimi nikiwa nakoroga chai. Nilifanya kazi kando yako miaka kumi na moja nikidhani unanifundisha magari.

Nilifunga mpira mpya, nikakagua mingine yote, nikaupanda na kuushuka mlima ule mara tatu na Mzee. Jana walienda kliniki. Sikuweza kufanya kazi. Nilipanga spana, nikazipangua, nikafagia mahali palipofagiwa. Saa kumi pikapu ikaingia. Mama Truphena alishuka mwenyewe, shavu moja likiwa na alama za mikunjo ya kanga, akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nimelala kutoka Homa Bay mpaka hapa." Alisema hivyo tu. Nilienda nyuma ya nyumba kidogo nikarudi.

Kwa hiyo pumzika, Jaduong'. Nimekukosa kwa namna ambayo... tuache hapo. Ninalokuahidi ni hili: atakayeniletea gari kwa ajili ya upepo, nitamuuliza kwanza linavyoshuka mlima, na nitashuka naye kabla sijamrudishia ufunguo.

Ni mimi,
Awino