Baba Mazengo na Kiti cha Pili

Mwaka umekatika, Baba, tangu ugonjwa wa ini ukuondoe kwetu hapa Chang'ombe. Majirani bado wanasimama langoni jioni na baiskeli zilizoharibika, maana wewe hukuwahi kumrudisha mtu. Ulikuwa unanawa mikono kwa sabuni ya unga huku ukipiga mluzi, unakula ugali wako kwa mlenda, kisha unarudi uani kwenye ndege uliyokuwa unaiunda.

Ndege hiyo ndiyo iliyomtesa Mama. Ulipopunguzwa kazi, wenzako walifungua vioski. Wewe ulinunua injini ya rota iliyotolewa kwenye gari la mtumba lililogongwa, ukasema utaipaisha. Mama alivumilia. Injini, alisema, haivai kanga. Kisha akaja Dorothea.

Alikuwa fundi umeme kutoka Kibakwe, msichana mwenye sauti ya chini, aliyekuja kukusaidia kufunga mfumo wa kupulizia mafuta. Mliinama pamoja juu ya nozeli mkazungumza mpaka chai ikapoa. Mama alikuwa akipita pale na ndoo isiyo na maji, apate tu kusikia.

"Shikamoo, mama," Dorothea alisalimia.

"Marahaba," Mama alijibu, akiangalia ndoo.

Aliyoyasikia hayakumfariji. Hamkuzungumza mapenzi, mlizungumza pampu. Wewe ulitaka pampu moja ya mafuta ili ndege iwe nyepesi. Dorothea alikataa. "Gari likizima, mzee, unaliegesha pembeni. Huko juu, pembeni ni wapi?" Alitaka pampu mbili, kila moja na betri yake, ili moja ikizibwa na vumbi letu nyingine ipokee. Ulicheka, ukakubali.

Siku hiyo Mama alilia jikoni. "Mimi namwomba agongelee bati linalovuja, mvua kwa mvua, hanisikii," alimwambia shangazi Hana. "Huyu kasema mara moja tu!"

Siku ya kuruka, wakaguzi walipokwisha kuridhika, uliwatangazia watu uwanjani kwamba kiti cha pili ni cha Dorothea, aangalie geji. Ulipogeuka, Mama alikuwa amekwishakaa, amejifunga kitenge kipya na mkanda juu yake.

"Shuka, Mama Denis. Humo hujui kitu."

"Mke wako ni mimi. Washa."

Dorothea hakubishana. Alipanda kwenye bawa, akamwonyesha swichi nyekundu. "Mama, injini ikikohoa, inua hii. Usingoje kuambiwa." Mama hakuiondolea macho swichi ile.

Juu ya mashamba ya mizabibu injini ilikohoa. Ikakohoa tena, mlio ukafifia, na nyumba za watu zikaanza kukua. Mikono yako yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani. Mama akainua swichi. Pampu ya pili ikapokea, mlio ukarudi, mkatua salama mbele yetu. Tulipoifikia ndege, ulikuwa unapiga kelele kwa furaha: "Dorothea alisema! Si Dorothea alisema!"

Mama alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakukusemesha kwa siku nyingi. Mwishowe ulipanda paani bila kuombwa, ukaligongelea lile bati, na ukatamka kwa sauti, majirani wasikie, kwamba mkono uliokuokoa angani ni wa mkeo. Jioni hiyo ulipakuliwa chakula.

Msibani kwako Dorothea alilia sana, na Mama akamkazia macho. "Analia kama nani?" alinong'ona, mpaka shangazi akamshika mkono.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, Denis aliuliza kama jina la Dorothea liwemo. Mama alikuwa anachambua mchele. Alichambua, akapeta, akachambua tena mchele uleule.

"Mwandikeni," alisema. "Angekuwa yeye kwenye kile kiti, angeiinua swichi ile vilevile. Lakini mwandikeni chini. Na msiandike rafiki. Andikeni fundi."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi Zipora. Wanao Denis, Priska na Edina. Dada yako Hana. Wajukuu na majirani wote wa Chang'ombe.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba.

Na fundi, Dorothea.