Shikamoo Niliyokupa Igoma

Mpendwa mama yangu wa jukwaani,

Shikamoo tena, ingawa unanizidi miaka miwili tu. Najua huko Katavi ulikopangiwa kufundisha wanafunzi wanakuamkia kutwa, lakini hii ya kwangu ina historia yake. Leo naiandika wazi ili na wale waliotucheka waisome.

Unakumbuka nilivyofika Mwanza kutoka Njombe? Masweta matatu begini, na jua lile! Wiki nne nzima mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa muuza chipsi nje ya geti la chuo, na mazungumzo yetu yalikuwa "kavu au mayai?" Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kuhamia chuo kimoja Iringa. Ukanikuta nimekaa peke yangu juu ya jiwe ambalo klabu ya maigizo ilifanyia mazoezi. Badala ya kunifukuza ukauliza, "Wewe mrefu, unaweza kuringa?" Nikasema sijui.

"Basi wewe ni mwanangu. Tumekosa mtoto jeuri."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtoto aliyefanikiwa mjini anarudi kijijini, anampita mama yake bila kumwamkia, na mama anamnyima baraka. Bila dharau ile igizo halina kichwa wala miguu.

Siku tulipokwenda kuigiza mtaa wa Igoma uwanja ulijaa. Ukatoka na khanga zako mbili, mto umefungwa kiunoni, unga nyweleni, unajikongoja na fimbo. Ulizeeka kweli kweli! Magoti yangu yakakunjika yenyewe. "Shikamoo, mama." Kwetu mtu hampiti mama mzee hivi hivi, na mwili wangu haukujali mwandishi ameandika nini.

Mwongozaji wetu akashika kichwa. Wewe ukaniangalia kuanzia viatu hadi utosini.

"Marahaba. Miaka sita hunipigii hata simu, leo unapiga magoti? Haya sema, unataka shamba au unataka ng'ombe?"

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akapaza sauti, "Usimpe, mama! Tapeli huyo!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikaanza kubembeleza, ukakataa, na kila nilipokuita mama kwa sauti tamu ndivyo walivyozidi kunizomea. Tangu siku ile shikamoo hiyo haijaondolewa kwenye igizo.

Lakini wakati ule mimi nilijua nimewaharibia. Tulipomaliza nikajificha nyuma ya gari tulilokodi, nikajisemea kwamba Jumatatu barua ya Iringa naipeleka. Ukanifuata, unga bado kichwani, sahani ya wali na samaki sato mkononi. "Kula. Jumatatu mazoezi saa kumi, na ukichelewa nakuchapa mbele za watu." Hukuniuliza kama nitakuja. Nilikula huku nalia, nikakudanganya kwamba ni pilipili. Barua ile sikuipeleka.

Sasa niko mwaka wa mwisho na mimi ndiye ninayewapokea wageni wa klabu. Nakukumbuka sana. Hawa mama wapya hawajui kugombeza, wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari.

Likizo iliyopita nilikwenda Njombe. Siku moja nikamwambia mama aliyenizaa, "Jumamosi narudi nyumbani." Akaacha kumenya viazi.

"Nyumbani wapi tena?"

Nikaona aibu. Nikamsimulia habari zako zote, tangu kwenye jiwe hadi sahani ya sato. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga, kisha akarudi kumenya viazi bila kuniangalia, nami nikadhani nimemuumiza.

Asubuhi ya safari nikakuta gunia dogo la viazi mlangoni, limeshonwa vizuri. Nikamshukuru.

"Si vyako hivyo," akasema. "Mpelekee mwenzangu. Mwambie ahsante kwa kunilelea mtoto."

Gunia liko chumbani kwangu Kiseke, hapa Mwanza, na viazi vimeanza kuchipua. Likizo ikifika njoo uchukue haki yako.

Mwanao jeuri, aliyeshindwa ujeuri